Jina Ndani ya Santuri

Sumbawanga,
Jumatatu asubuhi, katikati ya Julai

Kwako Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umekaa mahali penye mwanga, miwani ikiwa puani na siyo kwenye paji la uso huku ukiitafuta nyumba nzima. Mguu unaendeleaje? Dada Mwajuma aliniambia umeanza tena kwenda msikitini bila kushikwa mkono. Nilifurahi, ila usijitie ujana kwenye zile ngazi. Mimi ni mzima, Alhamdulillahi. Kinachonisumbua ni baridi tu, na hayo mengine nitakayokueleza.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu imetushinda. Mara ya mwisho nilikuuliza kama umekula, ukanijibu kwamba mvua imekatika tangu Mei. Tulicheka, lakini nilipokata simu nilikaa kitandani muda mrefu bila kufanya kitu. Wewe uliyekuwa unasikia kapasita iliyochoka kabla hujafungua mfuniko wa redio. Basi haya nitakayoandika yasome taratibu. Ni mambo ya fundi, na hapa sina mtu mwingine wa kumwambia.

Baba, sijakueleza vizuri ninavyoishi huku. Mji huu uko juu, na upepo wake hauna mti wa kuuzuia. Ukitoka nje ya mji ni majani na anga, majani na anga, mpaka macho yanachoka. Asubuhi za mwezi huu navaa masweta mawili na bado vidole vinakuwa vizito kushika bisibisi. Kazini hatuzidi watu watano. Redio yetu ni ndogo, watangazaji watatu, mhasibu, na fundi mitambo ambaye ndiye mimi. Ni watu wema. Wakiwa wenyewe wanataniana kwa Kifipa, nami nikiingia wanageuza haraka na kusema Kiswahili ili nisijisikie vibaya. Heshima hiyo ndiyo inayonikumbusha kila siku kwamba mimi ni mgeni. Mwaka wa tatu sasa, na kicheko huwa kinapungua nikifungua mlango.

Mtu niliyemzoea ni mwenye nyumba wangu, Bibi Sesilia. Ni mjane wa miaka sabini na kitu, Mkatoliki hasa, analima ulezi na mahindi nje kidogo ya mji. Mimi nina chumba cha uani, yeye yuko nyumba kubwa peke yake tangu mumewe, Mzee Deogratias, alipofariki mwaka juzi. Ramadhani iliyopita alikuwa ananiwekea uji wa ulezi kila magharibi. Hakuniuliza, alifunika tu bakuli kwa sahani na kuliacha kizingitini. Akipata migebuka, wale samaki wa ziwani kutoka Kipili, ananibakizia vipande viwili. Hatuongei sana. Tunakaa barazani, yeye anachambua maharage, mimi nanyoosha miguu, kila mtu na ukimya wake.

Mjini watu wanamwita Sesilia wa Santuri. Mumewe ujanani alipiga gitaa na kuimba kwenye bendi ya mji huu, na bendi hiyo iliwahi kusafiri hadi Dar es Salaam ikarekodi santuri moja. Katika kiitikio mzee anamwita mwanamke kwa jina: Sitasahau, Sesilia. Bibi ana santuri hiyo na ana mashine ya kuipigia, ambayo mzee aliinunua kwa padri mmoja mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Tangu nilipohamia, kila mgeni aliyeingia nyumba ile aliambiwa juu ya wimbo huo. Hata mimi, siku ya kwanza, kabla sijaonyeshwa choo kiko wapi.

Mwezi uliopita akaniita sebuleni. Mashine ilikuwa mezani, imefutwa vumbi.

"Zuhura, wewe si fundi?"

"Ndiyo, Bibi."

"Misa ya kumkumbuka mzee ni Jumamosi ya pili ya mwezi ujao. Wanangu watakuja. Nataka wamsikie baba yao vizuri. Siyo kama siku zote. Vizuri."

Nikakubali kwa moyo mweupe. Baba, unajua nilivyokulia chini ya meza yako kati ya waya. Nilijisikia kama nimerudi nyumbani.

Ubovu wa kwanza ulikuwa mwepesi. Mkanda wa kuzungushia sahani inayobeba santuri ulikuwa umekatika. Nikaagiza mwingine Dar, ukaja na basi baada ya siku nne. Nikafunga, nikaweka santuri, nikashusha sindano. Gitaa likalia safi, ngoma safi, sauti ya mzee nzito na ya upole. Lakini kila alipofika kwenye S, Baba, ilifoka. Unajua mafuta ya moto yakidondokewa na tone la maji? Ndivyo hivyo. "Siku" ilifoka, "usiku" ilifoka, na "sitasahau" ilikuwa mfoko mtupu. Maneno yenye M na L na B yalipita bila shida.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hivyo ndivyo ilivyo tangu zamani. Nataka uiondoe hiyo."

Nikaanza ulivyonifundisha, kwamba fundi huanza na kilicho rahisi. Nikaitazama sindano kwa lensi. Ilikuwa imevaa kibonge cha vumbi kama pamba. Nikaisafisha kwa brashi laini, kutoka nyuma kuja mbele, ili nisiikunje. Santuri nikaiosha kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, nikaikausha kwa khanga kuukuu, nikihakikisha karatasi ya katikati hailoi. Kelele za vumbi zikapungua. S zikabaki vilevile.

Nikaenda kwenye uzito. Nyuma ya mkono wa mashine kuna kipande cha chuma unachokisogeza mbele au nyuma ili sindano iwe nzito au nyepesi. Watu wengi wanadhani sindano nyepesi inaitunza santuri. Wewe ndiye uliyeniambia kwamba ni kinyume. Herufi S ndani ya mfereji wa santuri ni kona kali nyingi zilizofuatana, na sindano nyepesi inaziruka, ikianguka inakwangua kuta. Nikaazima mizani ndogo ya sonara mmoja wa sokoni na kuiweka chini ya sindano. Haikufika hata gramu moja. Ilitakiwa iwe karibu mbili.

Hapo nikaona jambo la ajabu. Kile chuma cha nyuma kilikuwa kimegandishwa kwa nta ya mshumaa, mahali palepale pa wepesi, kisisogee. Nilipofungua kichwa kinachoshika sindano nikakuta karatasi iliyokunjwa mara nne imepachikwa upande mmoja, ndiyo iliyokuwa inakilaza kichwa kombo. Nikajisemea kwamba aliyeigusa mashine hii alikuwa fundi wa kubahatisha. Nikaitoa karatasi, nikabandua nta, nikaweka uzito unaotakiwa. Nikachora kipimapembe kwenye kadi ngumu na kukinyoosha kichwa mpaka kikakaa sambamba na mfereji, mwanzo wa santuri na mwisho wake. Mwisho ndipo palipokuwa pabaya zaidi, kwa sababu karibu na katikati mfereji unabana. Nikarekebisha pia ule mvuto unaoupeleka mkono ndani, maana spika ya kulia ilikuwa inafoka kuliko ya kushoto.

Ikawa afadhali sana. Lakini bado. Ile sindano yenyewe ilikuwa imelika, na kwa miaka yote ile ilikuwa imekwangua sehemu ileile ya ukuta. Nikaagiza sindano mpya, ya ncha nyembamba, inayofika chini zaidi, mahali ambapo ile butu haikuwahi kugusa. Nilimweleza Bibi hivyohivyo, kwamba huko chini huenda sauti bado ni nzima. Akaniangalia kidogo, akasema, "Basi iagize."

Ilifika Jumanne iliyopita. Nilipokwenda kuichukua stendi nilirudi naimba, hata jirani mwenye duka aliniuliza nimepata uhamisho nini. Nikamwonyesha Bibi ile sindano ndani ya kiboksi chake. Kesho yake nikaichukua mashine kwenda nayo kazini, ili niusikilize wimbo kwenye spika nzuri na niwanakilie watoto wake kwenye flashi.

Ilikuwa saa sita mchana, wenzangu wamekwenda kula. Nikafunga sindano, nikapima, nikavaa hedifoni, nikashusha mkono.

Baba, natamani ungekuwa umekaa kiti cha pili. Ilikuwa kama mtu amefuta kioo. "Siku" ikawa siku. Nikamsikia mzee akivuta pumzi kabla ya ubeti. Nikasikia kucha ikigusa waya wa gitaa. Nilitabasamu peke yangu mle chumbani. Kisha kikaja kiitikio, na mzee akaimba, "Sitasahau, Felisia."

Nikadhani nimesikia vibaya. Nikarudisha. Felisia. Nikashuka mpaka mwisho wa wimbo, maana jina linatajwa mara nne. Mara zote nne, Felisia. Nikasema labda mashine inanidanganya, nikalinganisha F ile na F ya "furaha" kwenye ubeti wa pili. Zilikuwa ndugu. Nikailinganisha na S za "siku". Hazikufanana hata kidogo. Zamani mfoko wa "sitasahau" ulikuwa unamwagikia mwanzo wa jina na kuuzamisha, S ya ndani yake nayo ikifoka, na sikio likajazia lenyewe lilichopenda. Sasa mfoko haupo, na jina limebaki wazi.

Nilivua hedifoni nikakaa. Nikakumbuka ile nta. Nikakumbuka ile karatasi, ilivyokunjwa kwa uangalifu, mara nne. Mzee Deogratias alikuwa anatengeneza cherehani na baiskeli za mtaa mzima. Haikuwa kazi ya kubahatisha.

Sasa nisikilize, maana hapa nilikosea, na sikufichi. Nilirudisha sindano ya zamani. Nikairudisha na karatasi. Nikasogeza uzito nyuma, nikanakili wimbo ule mbovu kwenye flashi, S zote zikifoka. Wewe ulikuwa unasema fundi anaweza kushindwa, lakini hawezi kusema uongo juu ya chombo cha mtu. Nililijua neno hilo nilipokuwa nafanya. Nilijiambia kwamba mama yule ana kitu kimoja tu cha kujivunia, na mimi ni nani niliyetoka Lindi kuja kumnyang'anya.

Alhamisi alasiri nikaiweka mashine mezani kwake na kuupiga. Nikamwambia, "Bibi, imeshindikana. Imepungua kidogo tu. Santuri imechoka."

Akasikiliza wimbo wote, mikono mapajani. Ulipokwisha akauliza, "Sindano iliyokuja na basi iko wapi?"

"Mashine haikuikubali."

"Zuhura. Jumanne ulirudi unaimba. Jana ulirudi kimya, hukula hata maharage niliyokuwekea. Fundi akishindwa hurudi na hasira. Wewe ulirudi kimya." Akanisogezea kiti. "Kaa. Anamtaja nani pale?"

"Bibi, mimi siyo mtu wa kuingilia mambo ya..."

"Sijakuuliza mambo. Nimekuuliza ulichosikia kwa masikio yako."

Nikamwambia. Nilisema jina lile nikiangalia sakafu.

Hakulia, Baba, wala hakushtuka. Nje upepo ulikuwa unagongesha bati moja lililolegea. Baadaye akasema, kama anayemweleza mtu njia ya kwenda mahali, "Mwaka wa kwanza wa ndoa nilisikia kitu pale. Nikamuuliza. Akaniambia mashine ni mbovu, sindano imekwisha. Nikamwambia basi itengeneze. Miaka arobaini na sita, Zuhura. Ametengeneza pampu ya shule. Ametengeneza kengele ya kanisa. Mashine ile hakuitengeneza."

"Unamjua huyo Felisia?"

"Wa Wampembe, huko ziwani. Bendi ilikuwa inateremka kupiga wakati wa sikukuu. Walichumbiana. Baba yake hakutaka mpiga gitaa, akamwoza kwa mtu mwingine. Hayo niliyajua kabla sijaolewa, si siri. Kila mtu ana alipotoka." Akaongeza, "Mwenyewe akiwa na gitaa lake hapa barazani, kwa mdomo wake, alikuwa ananiimbia Sesilia. Waziwazi. Sasa sijui nishike lipi."

Nikamwomba radhi kwa kumdanganya.

"Umefanya kama yeye," akasema. "Mmeona siwezi kuubeba ukweli."

Akaingia ndani akafunga mlango, polepole, bila kuubamiza. Afadhali angeubamiza.

Ijumaa hiyo, Baba, ndiyo siku niliyokuwa peke yangu kuliko siku zote tangu nifike huku. Sahani yangu haikuwa kizingitini. Kazini sikuweza kumwambia mtu, maana mji ni mdogo na jambo halikuwa langu. Niliposwali niliomba radhi, kisha nikakaa kwenye mkeka nikihesabu watu ninaoweza kuwapigia simu nikawaeleza jambo lile wakalielewa, na nikabaki na wewe, ambaye usingenisikia. Jioni nilimsikia Bibi upande wa pili wa ukuta anapeta ulezi, ungo unaita, unanyamaza, unaita. Nilifungua begi nikaanza kukunja nguo. Sikujua naenda wapi. Nilizikunja tu.

Jumamosi kabla ya misa akagonga mlango wangu. Amevaa kitenge kipya na kilemba cheupe. Akaziona nguo juu ya kitanda, hakuziulizia.

"Tukienda kanisani wewe baki. Weka ile sindano mpya. Iweke sawasawa, kama ulivyoiweka Jumatano."

"Bibi, watu watasikia."

"Ndiyo maana tunaitwa watu, kwa kuwa tuna masikio. Weka."

Nikaiweka. Nikapima uzito upya. Ile karatasi ya kukunjwa sikujua niifanyeje, nikaiweka juu ya meza pembeni ya mashine, aione mwenyewe na kuamua.

Waliporudi nyumba ilijaa. Mwanawe mkubwa, Kalisti, aliyetoka Mbeya na mkewe, binti yake wa Dodoma, wajukuu, katekista, na akina mama wa jumuiya yake ya kanisa wakiwa na masufuria yao. Uani kulikuwa na ugali wa ulezi, nyama ya ng'ombe aliyenunuliwa kwa Msukuma mmoja jirani wa shamba lake, na kimpumu, pombe yao ya ulezi, kwa wanaokunywa. Mimi nilisimama karibu na mlango, mahali pa kutokea.

Bibi akasema, "Zuhura ameitengeneza mashine. Msikilizeni baba yenu."

Nikashusha sindano. Mzee alipovuta pumzi ile ya kwanza, binti wa Dodoma alijifunika uso kwa khanga. Ubeti ukapita. Kiitikio kikaja. Niliwaangalia watu wakisikia, mmoja mmoja, na wengine wakijifanya hawakusikia. Kiitikio cha pili kilipopita Kalisti akasema taratibu, "Mama, mbona kama anasema..."

"Anasema Felisia," Bibi akajibu. "Alikuwa mchumba wake kabla yangu. Mimi nilisikia nilichotaka, na yeye akaniacha nisikie. Wimbo ni wake, si wangu."

Wimbo ukafika mwisho. Kisha mmoja wa akina mama wa jumuiya, Mama Oresta, rafiki yake wa tangu usichana, akasema kutoka pale alipokaa chini, "Sesilia, sisi tulikuwa tunajua."

Bibi akageuka. "Sisi nani?"

"Sisi tuliokuwa tunacheza dansi wakati ule. Alipokuwa anaimba ukumbini, kabla yako, jina tulilisikia."

"Na mkaniacha nitembee mji mzima najiita wa Santuri?"

Mama Oresta akainamisha kichwa. "Ulikuwa unafurahi," akasema. "Tungekuambia ili iwe nini?"

Baba, jambo la mzee alilibeba. Hili la wenzake nililiona likimwingia. Alishika ukingo wa meza. Akawatazama wanawake wale, wote wenye mvi kama zake, wanaokwenda naye kusali na kumsaidia kuvuna, na wao wakawa wanaangalia masufuria. Nilidhani atawafukuza. Badala yake akamwambia katekista aombee chakula kabla hakijapoa. Akagawa nyama yeye mwenyewe. Alipofika kwa Mama Oresta akamwekea kipande, cha kawaida, si kikubwa si kidogo, akapita. Nilipofikiwa mimi akaniwekea viwili, bila kunitazama usoni.

Walikula, walisimulia habari za mzee, walicheka pia. Kalisti alinifuata uani akaniambia, "Dada, asante. Ila sijui kama nakushukuru kweli." Nikamjibu kwamba hata mimi sijui. Nikampa flashi, ile nzuri niliyoinakili Jumatano kabla sijarudisha sindano ya zamani. Mbovu nimeifuta.

Jana Jumapili wageni waliondoka asubuhi. Mimi nilikuwa nafua. Nguo nilikuwa nimeshazirudisha kwenye begi na kuzitoa tena mara mbili, nikaona bora nizifue nijue moja. Bibi akaniita sebuleni. Alikuwa amekaa mbele ya mashine peke yake, na karatasi ile ya kukunjwa haikuwepo mezani. Sikuuliza ilipo.

"Nifundishe kuishusha hii," akasema, anaonyesha mkono wa sindano. "Nimeishi nayo miaka yote, sijawahi kuigusa. Alikuwa anasema nitaikwangua."

Nikamshika mkono. Vidole vyake ni vigumu kwa jembe, lakini vilitulia kuliko vyangu. Nilimwonyesha kuinua kidogo, kusogeza, kuacha ishuke yenyewe. Alipokuwa tayari aliichukua santuri, akaigeuza upande wa pili. Nilishangaa, kwa sababu tangu niijue nyumba ile sikuwahi kusikia mtu akiutaja upande huo. Hata mimi fundi niliuosha tu, sikuusikiliza.

Akashusha sindano, ikatua sawasawa. Hapakuwa na kuimba. Lilikuwa gitaa la mzee, ngoma ndogo nyuma yake, na mahali fulani mtu mmoja wa bendi akacheka kidogo, akasahaulika humo. Hakuna S iliyofoka, maana hapakuwa na neno. Tulisikiliza mpaka likaisha na santuri ikabaki inazunguka, sindano ikiwa kwenye mfereji wa mwisho. Sikuusogeza mkono, nilimwachia yeye.

Bibi akasema, "Upande huu hamwiti mtu."

Akainua sindano mwenyewe, akairudisha mwanzo. Safari ya pili, kidole chake kilikuwa kinagonga meza.

Nimeandika mengi, Baba, pumzisha macho. Nisalimie Dada Mwajuma anayekupikia na kukugombeza, mwambie nimepata yale majani ya chai aliyotuma. Nisalimie Shangazi Somoe, mlezi wangu, na umwambie bado sijaolewa, asimtume mtu kuuliza. Nisalimie Mjomba Hamisi wa duka la vipuri, ambaye najua atakusomea barua hii kwa sauti kubwa hata kama hujamwomba. Ukinijibu, niambie wewe ungefanyaje, ile Jumatano saa sita mchana, ukiwa na bisibisi mkononi na chumba kitupu. Usinifiche kwa kunihurumia.

Ni mimi mwanao niliye mbali nawe kwa mabasi matatu,

Zuhura